Mkono Tuliousifu kwa Adabu

Wiki mbili zilizopita mlinifanyia sherehe ya kuniaga. Mlinipa saa ya ukutani, mke wangu akapewa kitenge, na aliyesoma risala akasema nilikuwa mtu mpole na mvumilivu. Nilikula pilau yenu nikanyamaza. Sasa nasema: mimi si mpole. Nimefanya kazi ya fiziotherapia zaidi ya miaka thelathini, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa nimekasirika. Ninyi mnaobaki kwenye kile chumba mna haki ya kujua nilikasirishwa na nini. Habari za vyeo na madaraja zimo kwenye faili langu la utumishi. Mwenye hamu nazo akasome huko.

Nilizaliwa Tura, mtoto wa sita katika nyumba isiyokuwa na ng'ombe hata mmoja. Sikuwa na mjomba ofisini wala shangazi mjini. Stashahada yangu niliipata kwa jasho langu mwenyewe, nikamaliza wa kwanza darasani, na mwenzangu yeyote wa darasa lile anayebisha aje na matokeo yake tuyalinganishe. Baadaye nikaenda Botswana, nikafanya kazi miaka kumi na moja katika hospitali yenye bwawa la maji ya uvuguvugu kwa ajili ya mazoezi tu. Niliporudi Tabora watu waliniuliza kama nimefukuzwa. Niliwajibu kwamba nimerudi kwa sababu Tabora haina mtu kama mimi. Jibu hilo liliniletea maadui, lakini hakuna aliyeweza kusema ni uongo.

Siku yangu ya kwanza hospitalini kwetu nilikabidhiwa chumba kilichokuwa stoo ya vitanda vilivyovunjika. Mhudumu aliyenifungulia mlango aliniambia vifaa vyangu ndivyo hivyo. Kulikuwa na meza moja, godoro lililotobolewa na panya, na baiskeli isiyo na mnyororo. Nililalamika kwa barua tatu, zote zenye nakala, na hazikujibiwa. Basi nikaichinja ile baiskeli. Ile puli mnayoitumia mpaka leo kuinulia mikono ya wagonjwa wa kiharusi ni gurudumu lake la mbele, na kamba yake ni ya tano sasa. Kipima pembe cha chuma nilichotoka nacho Botswana nimekiacha kwenye droo ya pili. Ni cha kupimia viungo vya binadamu. Msikifungulie soda.

Kazi yenyewe nilifundishwa na mwanamke mmoja wa kule Botswana, mtu mzima, mnene, tuliyemwita Mma Tebogo, yaani Mama Tebogo. Alikuwa na tabia moja iliyonikera sana mwanzoni. Mgonjwa akiletwa na karatasi ya rufaa, yeye anaichukua bila kuisoma, anaikalia. Anakaa juu yake kabisa, kwenye kiti. Kisha anakuamuru umvue mgonjwa nguo ya juu, umtazame mbele na nyuma, umguse kuanzia shingoni, ndipo useme unachokiona. Ukimaliza anainuka, karatasi imekunjamana, mnaisoma pamoja. Alisema ukianza na karatasi utakiona kilichoandikwa, hata kama hakipo. Nilimwona ni mtu wa vituko. Mimi ni mtu niliyezipata karatasi zangu kwa taabu na ninaziheshimu. Niliporudi nyumbani tabia hiyo niliiacha kule kule, na hapo ndipo kosa langu lilipoanzia, ingawa kulikuwa na wakosaji wengi walionitangulia.

Mgonjwa niliyemkosea alikuwa Nyamizi, mke wa mtu kutoka kijiji kimoja upande wa Goweko, miaka yake ishirini na kitu. Mumewe alikuwa migodini huko Kahama, kwa hiyo yeye aliishi na mama mkwe wake, wakilima tumbaku. Alikuja mwanzoni mwa kiangazi na kadi nene kuliko kitabu cha nyimbo. Kabla ya kufika kwangu alikuwa amepita meza nne. Ya kwanza iliandika malaria. Ya pili iliandika baridi yabisi. Ya tatu ilimpeleka eksirei, wakapiga picha ya kiganja na kifundo cha mkono, wakaona ni vizima, kama ambavyo hata mimi ningewaambia bila umeme. Ya nne iliandika kifafa.

Niwaeleze hilo neno lilifikaje pale, kwa sababu kila kitu kinatoka humo. Mkono wa kulia wa Nyamizi ulikuwa unamuuma mpaka kwenye vidole, na mara nyingine misuli ilikaza ghafla, mkono ukaruka wenyewe. Siku moja alikuwa ananyonyesha mtoto wake wa kike, Neema, wa miezi mitano. Mkono ukaruka, mtoto akadondoka mkekani. Hakuumia. Lakini mama mkwe aliona kwa macho yake, akamchukua mkwe wake na mtoto mpaka kituo cha afya, akaeleza kwamba mkono ulitupatupa. Aliyekuwa mezani hakuuliza zaidi. Aliandika kifafa, akampa vidonge, akamwonya asikaribie moto, asichote maji kisimani, asibebe mtoto.

Mama mkwe alifanya kama alivyoambiwa. Alimchukua Neema siku hiyo hiyo, akamwachisha ziwa, akamlea kwa uji na maziwa ya kikopo. Nyamizi aliruhusiwa kumtazama mwanawe akiwa ameketi upande wa pili wa mkeka. Vidonge vilimlevya; alikuwa anasinzia katikati ya sentensi. Maumivu hayakupungua hata kidogo, kwa sababu hayakuwa na uhusiano wowote na vidonge hivyo.

Basi alipoingia chumbani kwangu alipiga goti nusu, akasema, "Shikamoo, baba," akanipa mkono wa kulia huku wa kushoto ukiwa umeshikilia kiwiko. Mnajua wenyewe heshima hiyo. Watoto wa mjini siku hizi wanakupa ncha za vidole huku macho yao yakiwa kwenye simu. Nilifurahi. Nilimwambia muuguzi, Nyamizi mwenyewe akisikia, kwamba mabinti waliolelewa bado wapo, wanatoka vijijini. Muuguzi akakubali. Kisha nikasoma kadi yake yote kuanzia juu hadi chini, kwa makini, kama msomi.

Kadi ilisema mkono, ilisema vidole, ilisema kifafa. Nikampa mpira wa kuminya, ule niliouchonga kwenye tairi, aminye asubuhi na jioni. Wiki tatu alikuja, na kila alipokuja alinisalimia kwa heshima ile ile, nikamsifia kwa maneno yale yale. Hali ilizidi kuwa mbaya. Nikaandika kwenye faili kwamba mgonjwa hafanyi mazoezi nyumbani. Ninyi pia mmeliandika neno hilo mara nyingi, nimeona.

Wiki ya nne mama mkwe alikuja naye. Aliitwa Mama Masanja, kwa jina la mwanawe huyo wa migodini. Mwanamke mrefu, mkavu, mwenye miwani, mzee wa kanisa lao. Neema alikuwa mgongoni kwake. Hakuja kwa wema. Alikuja kutaka kujua, kwa sauti ambayo hata foleni ya nje iliisikia, ni ugonjwa gani huu ambao anayeuguza analima peke yake na mgonjwa anakwenda mjini kuminya mpira. Nilimwambia angalau ana mkwe mwenye adabu. Alikubali hilo papo hapo. Alisema kwa adabu hana mfano, hata akimpa chumvi anashika kiwiko.

Wakati tunazungumza, mtoto alishushwa chini. Nyamizi alitoa kipande cha kiazi kilichochemshwa kwenye kanga yake, akamnyooshea mwanawe. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshika kiwiko cha kulia.

Nilicheka. Nilimuuliza, kwa mzaha, huyo mtoto anampa heshima ya nini.

Nyamizi hakucheka. "Siyo heshima, baba," alisema. "Nisipoushika unachomoka."

"Unachomoka wapi?"

"Huku juu."

"Na kwangu siku zote hizi ulikuwa unaushikia hilo?"

"Ndiyo."

"Mbona hukusema, mwanangu?"

Akamtazama mama mkwe wake, kisha muuguzi, kisha mimi. "Hamkuniuliza. Mlinisifu tu."

Nimesemwa vibaya na watu wengi maishani mwangu, wengi wao wakiwa na elimu kuliko yule binti, na hakuna aliyenipata kama yeye. Nilivuta pazia, muuguzi akamsaidia kuvua blauzi, na kwa mara ya kwanza tangu mkono ule uanze kuuma, mtu mwenye cheti alilitazama bega. Halikuhitaji bwawa la maji ya uvuguvugu. Nyama ya bega la kulia ilikuwa imenywea. Chini ya ncha ya fupa la bega kulikuwa na shimo ambalo kidole changu kilizama. Nilipouachia mkono uning'inie, fupa la mkono lilishuka waziwazi kutoka mahali pake, na misuli yote ya kuzunguka ikakaza kwa ghafla kulizuia, na mkono ukaruka. Hicho ndicho kilichoitwa kifafa. Misuli ilikuwa inafanya kazi ya kano zilizochanika, mchana na usiku, bila msaada wa mtu, na ikichoka inashtuka.

Nikamuuliza swali ambalo meza nne pamoja na ya kwangu hazikuuliza: kama aliwahi kuanguka. Akasema hakuanguka. Alining'inia. Mwaka uliopita walikuwa wanapanga tumbaku kwenye bani, lile jengo la kukaushia majani, na yeye ndiye aliyekuwa juu kabisa, anapokea fito zenye majani na kuzipanga. Mguu ukateleza. Akadaka boriti kwa mkono wa kulia, uzito wote ukabaki pale. Alisikia kitu begani kimetoka kama mfuniko wa sufuria, kikarudi. Kisha alifanya nini? Alipanda tena, akamaliza, kwa sababu majani yalikuwa yameshaiva. Bega liliuma siku chache tu. Yalipoanza maumivu ya vidoleni alikuwa ameshalisahau, na hata kama angelikumbuka, nani alikuwa na nafasi ya kumsikiliza?

Hapa mnivumilie. Sisi ndio watu wa njia ya misafara. Pembe za ndovu na vitambaa na chumvi vilikwenda na kurudi kati ya hapa na pwani juu ya mabega ya mababu zetu, miezi na miezi, na wageni wanakuja mpaka leo kupiga picha mahali misafara ilipotua. Nimewahi kusimamishwa njiani na mgeni mwenye kamera akaniuliza kama babu yangu alikuwa mpagazi. Nikamwambia ndiyo, na mjukuu wake ana stashahada. Katika mji huo huo, mwanamke anayefanya kazi kwa mabega yake alipita mikononi mwa wataalamu watano na hakuna aliyemgusa juu ya kiwiko. Mchungaji wa kanisa la mama mkwe wake ndiye pekee aliyemwekea mkono begani, naye alikuwa anaomba. Nilikasirika siku ile, na sijaacha.

Niliandika ripoti ya kurasa mbili nikaipeleka kwa daktari kijana aliyekuwa zamu. Aliisoma aya ya kwanza. Akaniambia kwa upole wa kuudhi kwamba kazi yangu ni kunyoosha viungo, kutambua magonjwa ni kwa wengine. Nikamwalika aje aliguse lile bega. Akasema ana wagonjwa. Nikasema na mimi ninaye, huyo mmoja. Mkuu wa daktari huyo, mtu wa makamo, alikuwa muungwana zaidi lakini mwoga zaidi. Alikuja, akalitazama, akakuna kidevu. Alikubali kwamba bega lina tatizo. Nilipomwomba aandike barua kuwa si kifafa, akashusha sauti.

"Mzee, nikiandika hivyo nitakuwa namwanika mwenzangu."

Nikamuuliza, na huyu aliyenyang'anywa mtoto, yeye ameanikwa na nani? Akasema tumsubiri bingwa wa mifupa, ambaye huja kila baada ya miezi kadhaa.

Mimi sikusubiri. Mazoezi nilianza siku ile ile: kwanza kuufunga mkono kwa kitambaa upumzike, kisha misuli midogo ya nyuma ya bega, polepole, kwa kamba ya puli na mfuko wa mchanga mwepesi kuliko mnavyofikiri. Na barua niliandika mwenyewe. Jumamosi moja nikapanda treni hadi Goweko, nikachukua bodaboda, nikafika kwa Mama Masanja nikiwa na koti.

Alinikaribisha vizuri, akanipa kiti, akavaa miwani, akaisoma barua yangu yote. Akaigeuza nyuma kuangalia kama kuna kitu.

"Wewe ni daktari, baba?"

"Nina stashahada ya fiziotherapia, mama, na nimefanya kazi nje ya nchi miaka kumi na moja."

"Sijauliza ulikofanya kazi."

Nikasema si daktari. Akaniletea kadi ya kituo cha afya iliyofungwa kwenye nailoni, akaweka kidole kwenye lile neno. Alisema hii ina muhuri na inasema kifafa. Yangu haina muhuri na inasema si kifafa. Mtoto aliwahi kumdondoka mbele ya macho yake. Je, mimi, kama ni mjukuu wangu, ningefuata ipi? Nyamizi alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Nilitaka kumkasirikia yule mama nikashindwa. Maisha yangu yote nimewaambia watu waheshimu karatasi yenye muhuri. Huyu alikuwa anaiheshimu.

Nilirudi mjini na hasira zangu zikahamia mahali pake panapostahili. Miezi minne nililifuatilia lile jambo kila Jumatatu asubuhi. Niliingia kwenye vikao ambavyo sikualikwa. Mmoja wenu, simtaji, aliniambia nimepagawa na bega la mwanamke wa watu. Nyamizi wakati huo alikuwa anakuja kila wiki, anafanya mazoezi mpaka jasho linamtiririka, na sikuandika tena kwamba hafanyi nyumbani. Misuli ilianza kujaa. Mkono uliacha kuruka mchana, baadaye hata usiku.

Bingwa alipokuja nilihakikisha Nyamizi ni wa kwanza kwenye foleni, na sitaeleza nilihakikishaje. Bingwa alimvua, akamtazama, akamgusa, akauinua mkono na kuuzungusha. Haikuchukua hata muda wa kunywa chai. Alisema bega lilitoka likarudi lenyewe, kano zimechanika, na mshipa wa fahamu ulivutika. Akauliza nani aliyeanzisha mazoezi haya. Nikasema mimi. Akasema yaendelee, upasuaji hauhitajiki kwa sasa, ila asipande tena kwenye bani. Vidonge vya kifafa akaagiza vipunguzwe kidogo kidogo chini ya uangalizi wa daktari, visikatwe ghafla. Kisha akaandika barua, akagonga muhuri mara mbili kwa sababu niliomba.

Vidonge vilipokwisha kabisa na wiki kadhaa zikapita salama, nikapanda treni tena. Nyamizi tulikwenda naye. Njiani aliishika ile bahasha mapajani kwa mikono yote miwili.

Mama Masanja aliisoma mara mbili. Aliangalia muhuri wa kwanza, akaangalia wa pili. Kisha akavua miwani, akamwambia mkwe wake neno fupi kwa Kinyamwezi ambalo sitaliandika, kwa sababu lilikuwa la kwao, ila lilikuwa la kuomba radhi, na watu wa umri wake hawalisemi mara nyingi. Akamwita Neema.

Mtoto alikuwa wa mwaka mmoja na nusu sasa. Alikuja mbio, akaishika kanga ya bibi yake.

"Nenda kwa mama yako," Mama Masanja akamwambia.

Neema akamtazama Nyamizi. Akajificha nyuma ya kanga. Bibi alimsukuma taratibu. Mtoto akaanza kulia, akimwita yule anayemsukuma "mama".

Niliwafikiria wale wa meza nne, mmoja mmoja, na yule aliyeandika neno moja bila kunyanyua macho, ambaye hajawahi kufika kijiji kile na hatafika. Nikajifikiria na mimi na mpira wangu wa tairi.

Nyamizi hakumvuta mwanawe. Aliketi mkekani, akanigeukia.

"Na hii, baba," aliniuliza, "ina mazoezi yake?"

Nilimwambia yapo. Kila siku kidogo. Usivute kwa nguvu. Akilia, acha. Kesho anza tena pale pale ulipoishia.

Akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa, kama anavyofanya kila ninapompa zoezi jipya, kisha akauliza mara ngapi kwa siku.

Nikavua viatu, nikaketi na mimi mkekani.